Kirangozi Asiyebeba Mzigo

Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, eneo la Tabora ya leo, katika karne ya 19 ilikuwa na neno lake, telekeza, ambalo leo tunalisikia zaidi pale baba anaposhtakiwa kwa kuwaacha watoto. Wapagazi walilitumia kwa maana nyingine. Siku ya kawaida msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla jua halijafika utosini. Lakini kati ya Ugogo na Tura kulikuwa na Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa lenye maji ya kubahatisha, na huko utaratibu uligeuzwa. Watu walipika na kunywa adhuhuri, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likianza kuinama, wakatembea mpaka giza, wakalala pakavu, na kesho yake asubuhi wakafika kwenye maji. Umbali haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni namna kiu ilivyogawanywa, na aliyeigawa alikuwa mtu aliyewahi kuionja.

Nimeikumbuka telekeza kwa sababu ya jambo linalofanyika sasa kwenye simu janja kila Jumapili jioni. Mwalimu, afisa ugani, mhasibu wa chama cha msingi cha tumbaku, fundi wa kuchomelea mageti: kila mmoja wao pale Tabora anaweza kuandika au kutamka orodha ya yanayomkabili na kumwambia msaidizi wa akili mnemba ampangie wiki. (Wengine husema akili unde, ubishi wa istilahi tuwaachie wenyewe.) Chai haijapoa, jedwali liko tayari, lina siku, saa na hata mapumziko ya dakika 15. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, zikafuata Gemini, Copilot, Claude na nyinginezo, kazi iliyokuwa ya karani mzoefu imekuwa ya bure au karibu na bure. Linalonishughulisha ni thamani ya jedwali hilo mahali ambapo wiki huvunjwa na mvua, msiba, umeme kukatika na simu ya mkurugenzi.

Tuanze na msafara wenyewe, maana ulikuwa na mipango miwili na hakuna hata mmoja uliokuwa wa wiki. Wa kwanza ulikuwa wa msimu. Wanyamwezi waliobeba pembe kwenda pwani waliondoka baada ya mavuno, kiangazi kikianza, na walitaka wawe wamerudi nyumbani kabla ya mvua za kupandia. Tajiri aliyehitaji wapagazi wakati wa kulima aliwapata kwa shida, hata kama mkononi alikuwa na shehena ya nguo na shanga. Mpango wa pili ulikuwa wa kesho. Jioni, vyungu vikiwa motoni, kirangozi alisimama akatangaza kama kesho ni kwenda au kukaa, na kama ni kwenda, njia ikoje mbele. Kirangozi huyo alikuwa mpagazi kama wenzake. Alitangulia mbele ya mstari akiwa na mzigo wake, ingawa ulikuwa mwepesi kidogo kuliko ya wengine.

Lugha yenyewe inashuhudia mipango hiyo miwili. Kuna masika, kuna kiangazi, kuna kipupwe na vuli. Halafu kuna kesho, keshokutwa, mtondo na mtondogoo, na baada ya hapo Kiswahili kinanyamaza; mtu hulazimika kuanza kuhesabu. Mtondogoo haimalizi hata wiki moja. Wiki kama kipimo cha kazi ililetwa na vitu vingine: swala ya Ijumaa, kanisa la Jumapili, siku ya gulio, kisha ofisi ya serikali. Ndiyo maana ninaamini msaidizi huyu ana kazi moja anayoimudu vizuri, nayo ni kuuteremsha msimu mpaka kwenye wiki. Kesho haipati, na sitegemei aipate karibuni, kwa sababu kesho hupangwa na anayebeba.

Ni vema kuelewa anavyofanya kazi. Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi mno, zikajifunza kukisia neno gani linafuata lipi. Ukiziambia zipange wiki, zinatoa wiki inayofanana na wiki zilizoandikwa sana duniani: saa tatu kujibu barua pepe, saa nne mpaka saa sita kazi inayohitaji utulivu, mchana vikao, Ijumaa jioni tathmini. Hiyo ni wiki ya mtu mwenye meza, mlango unaofungwa na umeme usiokatika. Haina ubaya kwa mwenye wiki ya namna hiyo. Lakini afisa ugani wa Uyui mwenye pikipiki moja, vijiji vitano na lita chache za mafuta hakuwa akilini mwa walioandika maandishi yale. Asipojieleza yeye ni nani, atapewa wiki ya mtu mwingine iliyotafsiriwa vizuri. Akijieleza, mambo hubadilika sana, na hapo ndipo chombo kinapoanza kustahili bando lake. Mwambie kwamba barabara ya kijiji fulani hupita mbugani na mvua ikinyesha haipitiki kwa siku mbili, atakuhamishia safari hiyo mwanzoni mwa wiki na kukuwekea kazi ya ofisini kama akiba. Lakini lazima umwambie. Mgunda Mkali haumo kwenye ramani yake mpaka wewe uuchore.

Kosa kubwa zaidi linahusu makadirio ya muda, na hili binadamu walikuwa nalo kabla ya kompyuta. Wasafiri wa Kizungu Richard Burton na John Hanning Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kuingia Kazeh, iliyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, ambayo kwa hesabu ya Burton ilikuwa siku ya 134. Umbali aliukadiria kuwa maili 600 au zaidi, yaani karibu kilomita 960. Sasa fanya hesabu ya mezani. Msafara ukienda kilomita 15 hadi 20 kwa siku, njia hiyo ingekwisha ndani ya siku 50 hadi 65. Kumbe kwa wastani walikwenda kilomita 7 tu. Siku nyingine zilikwenda wapi? Zilikwenda kwenye homa, kwenye mazungumzo ya hongo kwa watemi wa Ugogo, kununua nafaka, kungoja wapagazi waliotoroka wapatiwe mbadala, na kukaa tu. Siku za kukaa zilikuwa sehemu ya safari sawasawa na siku za kutembea, ila mtu anayepanga akiwa Zanzibar huziona kama hitilafu.

Wanasaikolojia wamelipima kosa hili. Mwaka 1994 Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu huko Kanada waliokuwa wakiandika tasnifu zao watamaliza lini. Kwa wastani walijibu siku 33.9, walichukua siku 55.5. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wamekwisha kulipa jina kosa hilo tangu 1979, na dawa waliyoitoa ni ileile ambayo kirangozi mzee angeitoa: acha kuitazama kazi hii peke yake, uliza zilizofanana nayo zilichukua muda gani. Msaidizi wa kwenye simu hajui tasnifu yako ya mwisho, wala taarifa yako ya robo mwaka iliyopita, ilichukua muda gani, isipokuwa umemwekea kumbukumbu. Ukimuuliza taarifa ya robo mwaka inachukua muda gani, atasema saa tatu au nne bila kusita, na atalisema hilo kwa sauti ya mtu aliyewahi kuiandika.

Yeye mwenyewe pia hukadiriwa vibaya. Mwaka 2025 taasisi ya METR ya Marekani iliwapima watengenezaji 16 wa programu za kompyuta, wazoefu, katika kazi 246. Walitarajia kwamba akili mnemba ingepunguza muda wao kwa asilimia 24. Walipomaliza walisadiki imewapunguzia asilimia 20. Saa ilionyesha wamechukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Sitaki kulikuza jambo hili. Utafiti wa Shakked Noy na Whitney Zhang wa mwaka 2023 ulionyesha kazi za kawaida za kuandika zikipungua muda kwa asilimia 40, na ubora ukipanda. Kwa hiyo inategemea kazi na mtu. Ninachokichukua kwa Tabora ni hiki: hisia ya kuwa umewahi haitoshi kuthibitisha kwamba umewahi. Anayetaka kujua aandike kwenye daftari, kwa wiki nne, alichopanga na kilichotokea. Daftari la shilingi mia kadhaa litamfundisha mengi kuliko toleo la kulipia.

Sasa nije kwenye saa, maana hapo ndipo Kiswahili na kompyuta vinapogombana waziwazi. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza. Kompyuta inahesabu kuanzia usiku wa manane. Ukisema saa mbili asubuhi, wasaidizi wengi siku hizi wanaelewa kwamba ni 2:00 yetu na 8:00 yao. Tatizo linakuja neno asubuhi likikosekana. Mimi niliwahi kuandika kwa haraka kwamba nina kikao saa nane, nikumbushwe, na jedwali likakiweka kikao hicho 8:00 kwa saa ya kompyuta. Ningefuata, ningefika saa sita kabla ya mwenyekiti. Hilo lilinichekesha. Lingekuwa dawa ya mgonjwa, lisingemchekesha mtu.

Siku nazo zina mitego yake. Kwa majina yetu wiki huanza Jumamosi, ndiyo mosi, ikaenda mpaka Jumatano iliyo ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano. Tuna tano mbili na hatuoni taabu. Kalenda ya simu huanza Jumapili kwa desturi ya Marekani, au Jumatatu kwa desturi ya Ulaya, na mtu anayesema Jumapili jioni "wiki ijayo" anaweza kuwa anamaanisha kesho au siku nane zijazo. Halafu kuna usiku. Kwa wazee wa pwani, na kwa Waislamu wa Ujiji na Tabora waliofuata desturi hiyo, usiku hutangulia mchana wake: usiku wa Ijumaa ni ule unaokuja baada ya jua la Alhamisi kuzama. Magazeti yameondoa utata kwa kusema usiku wa kuamkia Ijumaa, na huo ndio usemi ninaomshauri mtu atumie anapozungumza na mashine. Mwenye tiketi ya treni inayopita usiku anajua gharama ya kukosea. Reli ndiyo iliyotuletea dakika: ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914, tawi la Mwanza likakamilika 1928. Tabora ikawa njia panda kwa mara ya pili, safari hii ikiwa na ratiba ya kubandikwa ukutani, na tangu wakati huo mji umeishi na saa mbili kichwani, ya stesheni na ya jua.

Dawa ni rahisi na haihitaji utaalamu. Sentensi ya kwanza ya mazungumzo iwe amri ya saa: natumia saa za Kiswahili, kila muda uandike kwa namna zote mbili, wiki yangu inaanza Jumatatu, tarehe ziandikwe siku kwanza kisha mwezi. Kisha kagua tarehe na siku kwenye kalenda, kwa kuwa programu hizi zinaweza kusema Jumanne ni tarehe 14 kwa ujasiri uleule hata kama ni tarehe 13.

Hayo ni makosa ya kurekebishika. Nguvu yake iko kwenye msimu, na hapa nitamsifia. Chukua tumbaku, zao ambalo Tabora, Urambo, Kaliua na Sikonge zimelitegemea kwa miongo mingi. Vitalu huanza mwezi wa nane au wa tisa. Miche huhamishiwa shambani mvua zikishashika. Kuvuna na kukausha kwenye mabani huanza mwanzoni mwa mwaka, kisha kuchambua madaraja, kufunga marobota na kungoja soko. Katibu wa chama cha msingi hubeba kalenda hiyo kichwani, lakini karatasi zake haziji kwa mwendo huo: makisio ya pembejeo, orodha ya wanachama, mkopo wa benki, vifungashio, mkutano mkuu, mkaguzi. Kila moja ina tarehe ya mwisho na kila moja inategemea nyingine. Mpe msaidizi tarehe hizo zote, mwambie arudi nyuma kutoka siku ya soko mpaka leo, akuonyeshe wiki ipi ina mizigo mitatu kwa pamoja. Atakuonyesha, kwa dakika moja, kwamba wiki ya pili ya mwezi fulani mkutano umegongana na makisio. Jambo hilo mtu huligundua siku tatu kabla, akiwa amechelewa. Warina asali, ambao hurudi msituni kwa misimu na hukaa kambini siku nyingi bila mtandao, wangefaidika kwa namna hiyohiyo: mpango ufanywe mjini kabla ya kuondoka, uandikwe kwenye karatasi.

Faida nyingine ni ile ya kulazimika kutamka. Mtu akiandika kazi zake zote mahali pamoja huona kwamba nusu yake hazikuwa kazi, zilikuwa hofu. Faida hiyo, kusema kweli, ingepatikana hata kwa kumwandikia rafiki barua.

Lakini kuna aina moja ya kazi ambayo msaidizi haioni kabisa, nayo ni kusubiri. Kwihara, kilomita chache kutoka mjini Tabora, pana tembe alimoishi msafiri David Livingstone mwaka 1872. Msafiri mwenzake Henry Morton Stanley alimwacha hapo tarehe 14 Machi akaenda pwani, kwa makubaliano kwamba angemtumia watu. Livingstone alikuwa na vitu, alikuwa na mpango wa safari ya kwenda kutafuta vyanzo vya mto Naili, alikuwa na kila kitu isipokuwa wabebaji. Akakaa. Aprili, Mei, Juni, Julai. Watu 57 walifika tarehe 14 Agosti na msafara ukaondoka tarehe 25. Ungemwambia msaidizi wa leo apange miezi hiyo mitano, angeijaza: soma, andika, fanya mazoezi, boresha mahusiano. Asingeandika neno "ngoja", wala asingeuliza: unamngoja nani, na yeye anamngoja nani?

Ofisi zetu zina Kwihara nyingi. Saini ya mkuu wa idara aliye safarini. Fedha za matumizi mengineyo ambazo hazijashuka. Gari ambalo dereva wake yuko msibani. Mafuta. Mtandao wa malipo uliolala. Mpango wa wiki usiotenganisha kazi ninazozimudu mwenyewe na zile zinazongoja mkono wa mwingine ni orodha ya matamanio. Niliona tofauti kubwa nilipoanza kumwamuru msaidizi agawe orodha kwa swali moja: ufunguo wa kazi hii uko kwa nani? Zile zenye ufunguo kwangu ziwekwe kwenye saa. Zile zenye ufunguo kwa mwingine zisipewe saa, zipewe jina la mtu na siku ya kumkumbusha. Jedwali lilipungua urefu, nami nikaacha kujilaumu kwa mambo ambayo hayakuwa yangu.

Linabaki suala la uzito, na hapa sina utani. Mzigo wa mpagazi ulikuwa na kipimo kinachojulikana, karibu frasila mbili, kama kilo 30 na kidogo, mbali na vitu vyake mwenyewe. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi na heshima ya kazi yao: kulikuwa na posho ya siku, kulikuwa na mwendo unaokubalika, na tajiri aliyezidisha aliamka akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo. Kutoroka kulikuwa kura yao. Neno posho lenyewe limesafiri. Lilikuwa nafaka ya kula siku moja, kibaba hivi, leo ni fedha ya semina. Kipimo cha mzigo ndicho kilichopotea njiani.

Msaidizi wa akili mnemba hakatai mzigo. Mpe kazi 12 atazipanga, mpe 25 atazipanga pia, atabana tu dakika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na saa 24 mfululizo za mapumziko kila wiki. Sijawahi kuona jedwali lililokuja likiwa na onyo kwamba saa hizo zimezidi, mpaka pale nilipoomba. Liombeni, basi. Mwambieni ajumlishe saa, na zikivuka kiasi fulani akatae, ataje kazi zipi zitolewe. Ukimlazimisha kutoa badala ya kupanga, anakuwa mshauri wa maana kidogo.

Kwa watumishi wa umma suala hili lina uzito wa ziada. Serikali imeacha fomu za OPRAS za kupima utendaji wa watumishi, zilizoanza mwaka 2004, na kuhamia mfumo wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu na kazi ndogondogo, msimamizi akathibitisha na kutoa alama. Kishawishi kinaeleweka: mwambie msaidizi akuandikie kazi ndogondogo 10 zenye lugha nzuri, uzibandike. Sioni dhambi katika kupata msaada wa lugha. Ila mpango ulioandikwa kwa ajili ya jicho la msimamizi na mpango wa miguu yako ni vitu viwili, na anayevichanganya atajikuta ameahidi kwa maandishi, kwa sauti isiyo yake, mambo ambayo barabara ya Igalula haikubaliani nayo. Wapo pia wasimamizi ambao wataona msaidizi huyu anapanga kazi 10 kwa mtu mmoja na kuhitimisha kwamba zinawezekana. Mnyapara wa zamani angalau aliwaona watu wakitokwa jasho.

Niongeze jambo ambalo majedwali hulificha zaidi kwa wanawake. Saa kumi na moja jioni mpaka saa mbili usiku huonekana wazi, hazina kitu, na msaidizi huzitumia kwa furaha: jisomee, andaa somo la kesho. Mwalimu mwenye watoto anajua saa hizo zina maji, moto, madaftari ya watoto na mgonjwa wa jirani. Misafara ya Wanyamwezi ilikwenda na wanawake, waliobeba vyombo na kupika kambini, na wasafiri wa Kizungu mara nyingi hawakuwahesabu katika idadi ya msafara. Anayepanga wiki aanze kwa kuandika saa hizo kama kazi, ndipo aipe mashine saa zilizobaki.

Kuhusu siri nitasema kwa kifupi. Orodha ya kazi hubeba majina ya watu: mkulima anayedaiwa, mwanafunzi mwenye mimba, mgonjwa anayekuja kliniki Alhamisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na tume yake ipo. Hata bila sheria, mtu mzima anajua kwamba jina la mgonjwa halitajwi barabarani. Andika "mgonjwa wa kwanza", "mkulima wa Jumanne". Mpango hautapungua ubora.

Nimeacha kwa makusudi swali la gharama na umeme, kwa sababu mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa. Mpango ulio kwenye simu isiyo na chaji haupo. Nakili kwenye karatasi.

Sasa tuivunje wiki, maana itavunjika. Tuseme ni Jumanne jioni na afisa ugani wetu amepigiwa simu: baba mdogo amefariki Nzega, mazishi kesho alasiri. Katika hili msaidizi ni mwepesi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Mwambie umepoteza Jumatano na Alhamisi. Hatalalamika, hatauliza undugu wenu ukoje, atahamisha kazi sita, atakuonyesha kwamba taarifa ya wilaya inaweza kumalizwa Ijumaa asubuhi, na kwamba kitu pekee kisicho na pa kwenda ni ile ziara ya Goweko, ambako wakulima waliambiwa wakutane Alhamisi saa tatu. Atajitolea hata kuandika ujumbe wa kuomba radhi. Ujumbe huo utakuja na "Ndugu Mwenyekiti" na "kutokana na sababu zilizo nje ya uwezo wangu".

Afisa ugani akaufuta, akaandika wake: Shikamoo mzee, Alhamisi sitaweza kufika, naomba mnisamehe.

Jibu lilirudi kabla hajafunga simu. Marahaba mwanangu. Pole sana na msiba, tumepata habari tangu mchana, kuna mtu wetu alishuka na basi la Nzega. Watu nimeshawaambia Jumatatu. Njoo mapema, jua bado la asubuhi.